Jiwe Laini Lataka Mkono Laini: Maswali Yenu ya Kalsaiti

Toleo lililopita tulichapisha picha ya ile kristali ya rangi ya asali iliyoko mezani kwangu hapa Kibokoni, na tangu siku hiyo barua hazikatiki. Sikujua kama Mombasa kuna watu wengi hivi wanaopenda jiwe ambalo si dhahabu, si tanzanaiti, wala halivaliki pete. Kalsaiti hiyo. Kristali ni ile ile fuwele mliyofunzwa shuleni, lakini hapa nitaandika kristali manake ndivyo nyote mlivyoandika. Barua nimezifupisha kidogo, na majina nimeyaacha kama wenyewe mlivyotaka.

Ami, shikamoo. Nimenunua jiwe jeupe kama barafu pale Mji wa Kale, limekaa kama boksi lililosukumwa likaegemea upande mmoja. Muuzaji akaniambia hii ni kristali halisi ya Iceland, akaliweka juu ya gazeti na kila herufi ikawa mbili, nikashangaa nikatoa pesa bila hata kuteta bei. Kufika nyumbani kaka yangu ananiambia nimeuziwa kioo. Nani mkweli? – Dada wa Kisauni

Marahaba mwanangu. Kaka yako amekosea, na muuzaji naye amesema kweli nusu.

Kwanza tulimalize la kioo. Chukua karatasi nyeupe, tia nukta moja kwa kalamu, halafu weka jiwe lako juu yake. Utaziona nukta mbili. Sasa lizungushe jiwe polepole bila kuliinua, uangalie kwa makini: nukta moja itatulia pale pale na ya pili itaizunguka, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Kioo hakifanyi hivyo hata ukizungushe mpaka kesho. Kwatzi, lile jiwe gumu ambalo chembe zake zimejaa kwenye mchanga, nayo hugawa mwanga lakini kidogo mno, kwa macho huoni kitu. Kalsaiti ndiyo bingwa, jiwe la unene wa sentimita 3 hutenganisha zile nukta kama milimita 3 hivi. Kama nukta yako imetembea basi mwambie kaka yako aje ajionee mwenyewe.

Hili jambo la herufi mbili limewasumbua wataalamu miaka mingi. Rasmus Bartholin kule Denmark aliliandika mwaka 1669 bila kuweza kulieleza, Christiaan Huygens akaja na maelezo yake 1690, na mwaka 1808 Mfaransa mmoja, Étienne-Louis Malus, alikuwa Paris akitazama kwa kipande cha kalsaiti jua la jioni linavyorudi kutoka kwenye madirisha ya kasri la ng'ambo, akaona ile picha ya pili inafifia na kurudi kila akilizungusha jiwe. Hatua kwa hatua watu wakaelewa kwamba mwanga ukiingia ndani ya kalsaiti hugawika njia mbili, kila njia na mwendo wake. Mwaka 1828 William Nicol akaunganisha vipande viwili vya jiwe hilo kwa gundi ya mti, na kwa zaidi ya miaka mia moja hadubini za wanajiolojia zikawa zafanya kazi kwa kitu kama hicho unachokishika wewe hapo Kisauni. Mimi nikilifikiria hilo husisimka mwili.

Sasa Iceland. Yale mawe ya Bartholin yalitoka huko kweli, na machimbo mashuhuri yaitwa Helgustaðir, mashariki ya kisiwa. Lakini pale uchimbaji uliisha karne iliyopita na mahali penyewe pamewekwa chini ya ulinzi, huruhusiwi kuokota. Kwa hivyo kipande cha bei ya mtaani kikiitwa cha Iceland mimi hukitilia shaka, sanasana huwa kimetoka Meksiko au Brazil, na lile jina la Iceland limebaki kuwa jina la aina tu, kama vile mtu auze halua ya Lamu iliyopikwa Makadara.

Na kuna jambo la tatu ambalo muuzaji hakukwambia, nalo ndilo kubwa kwa mtu anayekusanya. Hilo boksi lako halikukua vile. Ni kipande kilichovunjika. Kalsaiti ina pande tatu ambazo hupasuka zikiwa laini kabisa, na ukiipiga hutoka viboksi vilivyoegemea, ukivivunja hivyo navyo hutoka viboksi vidogo zaidi vya umbo lile lile, pembe za uso wake takriban digrii 102 na 78 siku zote. Yasimuliwa kwamba René Just Haüy, kasisi wa Kifaransa, kristali ya rafiki yake ilimponyoka ikavunjika sakafuni, na alipoinama kuokota vipande ndipo akaanza kufikiri jinsi kristali zinavyojengwa kwa vitofali vya umbo moja. Basi kipande kama chako ni kizuri sana kwa watoto na kwa kujifunza, nami ninacho kimoja, lakini mkusanyaji hutafuta nyuso zilizokua zenyewe ardhini. Ukitaka kutofautisha, geuza jiwe lako mbele ya dirisha: uso wa kupasuka huwa na vingazi vidogo vidogo vilivyonyooka pembeni, kama ngazi za mnara zinavyoonekana kwa mbali. Ulilipia kitu halisi dada yangu, bora tu usilipe bei ya kristali kwa kipande.

Mzee wangu, nilipewa zawadi ya kalsaiti na mjomba anayefanya kazi melini. Ilikuwa yang'aa lakini ina uchafu wa udongo kwenye mianya, nikaona niisafishe kwa ndimu na siki vile mama husafisha birika. Ikatoa mapovu mengi nikafurahi kuona uchafu watoka. Ilipokauka imekuwa kama imepakwa unga. Nitairudisha vipi? – Kijana wa Likoni

Pole sana mwanangu, hili jibu sipendi kulitoa. Hairudi. Yale mapovu hayakuwa uchafu, lilikuwa jiwe lenyewe linaondoka. Kalsaiti ni kalsiamu kaboneti, na asidi yoyote ikiigusa huila na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, iwe siki, ndimu, ukwaju au hata soda iliyomwagika mezani. Ule mng'ao ulikuwa uso laini uliokaa hivyo maelfu ya miaka, na sasa umekuwa na mashimo madogo yasiyoonekana kwa macho ndio sababu waona unga. Kuna watu watakwambia upake mafuta ya nazi ing'ae. Usifanye hivyo, mafuta yatashika vumbi na kuingia kwenye nyufa, na siku moja ukimpa mtu atahisi umemficha kitu.

Nakuelewa kwa sababu mimi nami nilipoteza moja, ila yangu niliipoteza kwa maji. Ilikuwa kristali ndefu ya ncha kali, kama jino la mbwa, ina doa la udongo chini, na nikamimina maji ya moto kwenye bakuli nikaitia. Sikio langu lasikia "tik" moja ndogo. Nilipoitoa kulikuwa na ufa umekata katikati ndani kwa ndani, ufa wenye rangi za upinde wa mvua, na kila nikiigeuza zile rangi zawaka. Baadaye nikasoma sababu: kalsaiti ikipata moto hutanuka kwa urefu wake, lakini kwa upana wake hunywea. Yani ndani ya jiwe moja huku wavuta na huku wabana, na kwa vile tayari ina zile pande tatu za kupasukia, itahimili vipi?

Basi sikiliza unavyofanya na hiyo inayobaki, na zitakazokuja. Maji ya kawaida yaliyokaa ndani ya nyumba, yenye joto sawa na jiwe. Tone moja la sabuni ya vyombo isiyo kali. Brashi ya rangi ya mtoto au mswaki laini kabisa, usugue kwenye mianya pole pole, nyuso zinazong'aa uziache maji tu yapite. Mwisho suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa petroli stesheni ya kuongeza kwenye betri, na hapa naomba usome lebo mara mbili kwa sababu chupa ya pembeni yake huenda ikawa ni asidi ya betri na hiyo itakula jiwe na mkono wako pia. Kwa nini yasiwe ya bomba au kisima? Maji yetu ya visima Mombasa yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa tele, yakikauka yaacha alama nyeupe juu ya kristali. Halafu iache ikauke kivulini juu ya taulo, juani usiiweke.

Doa la kutu likikataa kutoka, liache. Kuna dawa za kutoa kutu ambazo watu wa kwatzi huzisifu, asidi ya oksaliki, lakini kwa kalsaiti hiyo hujenga ngozi nyeupe ngumu na utajuta. Na vumbi usilipanguse kwa kitambaa kikavu. Kalsaiti ugumu wake ni 3 kwenye kipimo cha Mohs, ukucha ni 2 na nusu tu lakini mchanga wa kwatzi uliomo ndani ya vumbi ni 7, sasa ukipangusa wewe wakwaruza. Msimu wa kaskazi vumbi likizidi mimi hutumia kile kipira cha kupulizia kamera, nafinya tu.

Hiyo ya mjomba usiitupe. Ndani yake bado nzima, na umbo lake bado laonekana.

Ami, mwanangu yuko darasa la sita, ameniuliza kama ganda la yai na kalsaiti ni kitu kimoja, mimi nikacheka, sasa amekasirika. Tafadhali tusaidie. – Mama wa Tudor

Muombe radhi mtoto. Ganda la yai la kuku ni kalsaiti, kristali ndogo ndogo zilizosimama zikibanana. Hata miiba ya yule mdudu mweusi wa baharini anayetuchoma miguu maji yakitoka ni kalsaiti, na ajabu ni kwamba kila mwiba mzima unapokea mwanga kama kristali moja. Wale wadudu wa kale waliokwisha, trilobaiti, walikuwa na macho yenye lenzi za kalsaiti, hebu fikiria kutazama dunia kwa jiwe.

Lakini mwambie pia asiseme kila kitu cheupe cha baharini ni hicho. Lulu, ile lulu ya ndani ya chaza inayometa, na mifupa ya matumbawe mengi ya leo ni aragonaiti. Dawa ni ile ile, kalsiamu kaboneti, ila imepangika namna nyingine ndani, kwa hivyo kristali zake zina umbo jingine na hazipasuki kwa viboksi. Unga ule ule, huyu kapika mahamri na yule kapika chapati. Na ule ukoko mweupe chini ya birika lenu ni wa jamii hiyo hiyo, ndio maana siki huutoa. Kwa birika siki ni sawa.

Salaam aleikum Ami. Huku kwetu upande wa Kwale kuna pango, ndani yananing'inia mawe marefu kama mishumaa na mengine yameota kutoka chini. Watu wa hapa hawaingii sana. Nimesoma kwamba hayo ni kalsaiti na nimeona watu huuza. Nikikata machache nitayapata wapi wanunuzi? – Ndugu wa Kwale

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nakuomba kwa moyo wangu wote, usikate.

Nianze na jiwe lenyewe maana ndilo lililokuvuta. Yale mawe ya pangoni huota kwa tone. Mvua hushuka, hupita kwenye udongo ikachukua kaboni dayoksaidi, ikawa na ukali kidogo, ikayeyusha chokaa ya juu, halafu likifika tone kwenye dari ya pango ile hewa hutoka na chokaa kidogo sana hubaki imeganda. Tone baada ya tone. Mengi hayakui hata milimita moja kwa mwaka, mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya milimita, kwa hivyo jiwe lenye urefu wa mkono wako laweza kuwa na miaka elfu kadhaa, lilianza kabla ya Fort Jesus, kabla ya Gedi, kabla ya jina la Mvita. Ukilikata, lile tone linaendelea kuanguka lakini wewe hutaliona likirudi, wala mjukuu wako.

Na ukishalitoa nje litakuvunja moyo. Pangoni lang'aa kwa sababu lina maji. Likikauka huwa kama chaki, la rangi ya vumbi, na ukilikata utaona mizunguko kama ya mti lakini huoni uso wa kristali. Wakusanyaji wenye adabu zao hawanunui, na wakiona lebo imeandikwa pangoni hurudi nyuma.

Halafu hao watu wasioingia wana sababu yao. Pwani yetu mapango mengi ni mahali pa ibada na pa mizimu, na misitu ya kaya za Mijikenda imeingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008. Waulize wazee kwanza hilo pango ni la nani. Na sheria nayo ipo: Sheria ya Madini ya 2016 yasema madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, kuchimba na kuuza kwataka leseni au kibali, na kupeleka nje ya nchi kwataka kibali chake. Vitu vya kale vinalindwa na sheria ya makumbusho ya 2006, na mapango yetu mengine yana mifupa na vyombo vya watu wa zamani, waingia kutafuta jiwe waharibu historia bila kujua.

Najua kijana ukiambiwa usifanye wataka pia uambiwe ufanye nini. Machimbo ya mawe ndiyo mahali pake. Mfanyakazi akipasua mwamba wa chokaa kuna wakati hutokea shimo dogo ndani, sisi twaita mfuko, na kuta zake zimejaa kristali zinazotazamana. Hizo zisipookolewa zaenda kwenye mashine ya kusaga, kwa hivyo ukiziomba kwa mwenye machimbo huibi chochote kwa mtu. Mawe yetu ya matumbawe hapa pwani ni machanga kijiolojia, usitegemee meno ya mbwa ya kujaza kiganja, mara nyingi utapata zulia la vijikristali vya milimita moja mbili vinavyometa kama sukari. Lenzi ya kukuza mara kumi ukiitazama nayo utasahau chakula. Uombe ruhusa, uvae kofia ngumu, na usisimame kamwe chini ya ukuta uliopasuliwa jana. Nenda pia Voi, pale biashara ya vito ina wenyewe na leseni zao, na wachimbaji wa Taita wakitafuta garneti ya kijani hukutana na mawe mengine wanayoyaona takataka. Ulizia takataka hizo.

Pango lako mimi ningependa kuliona, likiwa zima.

Bro, duka letu lina ile taa ya kukagua noti bandia. Kwa mchezo nikaimulika kalsaiti ya dada yangu ikawaka rangi ya waridi! Ni hatari? Ina miale? – Muuza duka, Kongowea

Haina hatari, na hongera kwa kuwa na jicho la kuchunguza. Baadhi ya kalsaiti zina manganizi kidogo ndani yake, hiyo hupokea mwanga wa urujuanimno usioonekana na kuurudisha ukiwa mwekundu au waridi. Machimbo ya Franklin kule New Jersey, Marekani, yana kalsaiti inayowaka nyekundu kama makaa, lakini kwa taa ya mawimbi mafupi ambayo si ile ya noti. Na kuna za Terlingua, Texas, ukizima taa huendelea kung'aa buluu sekunde kadhaa gizani. Zote hazina sumu wala mionzi. Jicho lako tu ndilo ulichunge, usitazame balbu yenyewe. Usitumie rangi hiyo kama kipimo cha ukweli wa jiwe, manake kalsaiti nyingi nzuri haziwaki kabisa, na gundi iliyounganishia kristali iliyovunjika nayo mara nyingi huwaka, nyeupe au buluu, kwa mstari. Kwa hivyo taa yako hiyo ni kifaa kizuri sana, ukiona mstari wa nuru shingoni mwa kristali ujue hapo palikatika.

Mzee mwenzangu, nimestaafu bandarini na nimeamua niache kukaa barazani kusikiliza siasa. Nataka nikusanye kalsaiti nzuri kweli, chache, zenye heshima. Pesa si nyingi. Nianzie wapi na nijue vipi nzuri ni ipi? Nimeshanunua moja, ya rangi ya dhahabu, sijui ya wapi. – Mstaafu wa Ganjoni

Karibu mzee mwenzangu, umenifurahisha.

Uzuri wa kalsaiti ni kwamba hakuna jiwe lenye maumbo mengi kama yeye, wataalamu wameshaandika mamia. Ukipata kumi hazitafanana. Kuna jino la mbwa, refu lenye ncha. Kuna kichwa cha msumari, fupi, bapa juu. Kuna mbavu sita zilizosimama kama penseli. Na kuna pacha, kristali mbili zilizokua zikiwa zimeshikana kwa mpango maalum, na hapo ndipo mimi hushindwa kujizuia. Zile za Egremont kule Cumbria, Uingereza, zilitoka migodi ya chuma karne ya 19 na baadhi zimekaa kama moyo au kipepeo aliyekunjua mbawa, safi kama maji. Hizo tuziangalie kwa macho tu, bei yake si ya pensheni.

Unapoishika yoyote, anza na ncha. Ncha ikiwa imekatika hata kiasi cha mbegu ya ufuta jicho litakwenda pale kila siku, na kalsaiti ni laini, nyingi zimeumia njiani tangu mgodini. Tumia lenzi, zunguka kingo zote. Kisha mng'ao: uso uwe kama kioo kilichotoka kuoshwa, usiwe wa nta. Kisha uone imekaa juu ya nini, kwa sababu kristali iliyobaki kwenye mwamba wake, au iliyokaa juu ya madini mengine, yaeleza ilivyozaliwa. Rangi mimi naiweka nyuma, ingawa wengi huianza. Na vile vijiwe vya machungwa na kijani vilivyolainishwa mviringo, vyauzwa sana, vimesuguliwa au kupitishwa kwenye asidi na vingine kutiwa rangi, hivyo ni pambo la meza. Jihadhari pia na mawe yenye mistari yanayoitwa oniksi ya Meksiko, mengi ni kalsaiti ya tabaka, kisu chaikwaruza na oniksi halisi hakiikwaruzi.

Kwa mfuko wetu, tazama kwanza za China, mikoa ya Hunan na Hubei imetoa nyingi nzuri na bei yake yavumilika ukichukua ndogo. Katanga kule Kongo kuna kalsaiti yenye kobalti, waridi kama ua la asumini la jioni lililotiwa rangi, nayo ni ya bara letu. Tsumeb ya Namibia ni jina kubwa mno, mgodi ule ulitoa zaidi ya aina 300 za madini na ulifungwa 1996, kwa hivyo zinazozunguka sasa ni zile zilizotoka zamani. Dalnegorsk ya Urusi nayo usiisahau. Chukua saizi ndogo, ya sentimita mbili tatu, iliyo kamili. Kwa bei ya jiwe kubwa lililovunjika ncha wapata dogo lisilo na doa, na dogo ndilo la kulenga.

Sasa nije kwenye hiyo yako ya dhahabu, maana ndilo lililonigusa katika barua yako, "sijui ya wapi". Mimi ninazo mbili za rangi hiyo. Moja imekuja na kikaratasi: kalsaiti juu ya sfaleraiti, mgodi wa Elmwood, Carthage, Tennessee, Marekani. Mgodi wa zinki huo, na sfaleraiti ndiyo madini yenye hiyo zinki, na kristali zake pacha za rangi ya asali ndizo zinazojulikana dunia nzima. Nikiisoma najua ilikuwa kwenye mfuko gani wa mwamba, chini ya mji gani, jirani zake walikuwa madini ya floraiti na barite. Ya pili ni nzuri kuliko hiyo, ncha kamili, mng'ao wa kutosha, lakini mtu wa kwanza kuinunua alitupa karatasi yake. Nimewaonyesha wengi. Kila mtu ataja mahali tofauti, na mimi huirudisha kabatini bila jina. Mkusanyaji hatailipia nusu ya ile ya kwanza, na siwezi kumlaumu.

Kwa hivyo fanya hivi. Nunua daftari, kila jiwe lipe namba, tia tone la rangi nyeupe chini ya mwamba wake mahali pasipoonekana na uandike namba juu yake kwa wino mweusi. Kwenye daftari andika namba hiyo, jina, mgodi, mji, nchi, umelipata kwa nani, lini na kwa bei gani. Karatasi ya zamani ya mtu mwingine hata ikiwa imechakaa usiitupe, iweke pamoja na jiwe. Ukilisafirisha, lifunge kwanza kwa karatasi laini ya choo tabaka nyingi, kisha sponji, kisha boksi, na ndani ya boksi lisicheze hata kidogo. Kabati liwe mbali na dirisha la jua la saa nane, na mbali na jikoni kwenye mvuke na siki ya achari.

Na hiyo ya dhahabu, kama muuzaji bado yupo, mpigie simu leo. Muulize alinunua kwa nani, hata kama ni jina la mji tu. Andika jibu lake kama alivyolisema, na tarehe uliyoambiwa.